Nduru ya Usiku: Kumkumbuka Askofu Mkuu David Gitari

Ninyi mlio na Biblia karibu, fungueni Kitabu cha Mwanzo, sura ya 4. Ninyi mnaokamua ng'ombe, au mlio njiani kwenda kazini, sikilizeni tu. Habari yenyewe mwaijua tangu shule ya Jumapili. Ni habari ya ndugu wawili, Kaini na Habili, na ya sadaka mbili, moja ikakubaliwa na moja ikakataliwa. Halafu ndugu mmoja anamwalika mwenzake shambani, na jioni ile ni mmoja tu anayerudi.

Hapo Mungu anauliza swali. Anamwuliza Kaini alipo ndugu yake. Kaini anajibu kama mtu aliyesumbuliwa bure, akitaka kujua ni nani aliyemfanya kuwa mlinzi wa nduguye. Tazameni jambo moja ambalo mara nyingi tunalipita upesi. Katika sura ile yote hatumsikii Habili akisema hata neno moja. Kaini anasema na Mungu anasema, lakini Habili yu kimya tangu mwanzo. Sauti yake ya kwanza ni damu yake, inapolia kutoka katika udongo. Kwetu kijijini twaweza kusema damu ile ilipiga nduru, na nduru ile ikasikika mbinguni kabla haijasikika nyumba ya pili.

Twataka leo kumkumbuka mtu aliyeisoma sura hii mbele ya taifa zima, kwa njia hii hii ya redio tunayoitumia sisi.

Ilikuwa mwezi wa Machi 1975. Josiah Mwangi Kariuki, ambaye watu wote walimwita J.M., alikuwa Mbunge wa Nyandarua Kaskazini. Alikuwa mtu aliyesema wazi juu ya ardhi na juu ya wachache waliozidi kutajirika huku wengi wakiomba. Mnamo tarehe 2 Machi alionekana katika hoteli ya Hilton mjini Nairobi, kisha hakuonekana tena. Siku zikapita. Gazeti moja likaandika kwamba yuko Zambia. Kumbe mwili wake ulikuwa umekwisha kuokotwa katika vilima vya Ngong na mfugaji mmoja wa Kimaasai, ukapelekwa mochari ya jiji kama mwili wa mtu asiyejulikana. Jamaa zake walipoutambua, nchi nzima ilishikwa na baridi. Wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana, na Bunge likaunda kamati ya uchunguzi. Lakini katika nyumba nyingi watu walijifunza kunong'ona. Ninyi wazee mnaotusikiliza mwakumbuka jinsi redio ilivyopunguzwa sauti na dirisha likafungwa kabla mtu hajataja jina lile.

Wakati huo Kasisi David Gitari alikuwa Katibu Mkuu wa Chama cha Biblia cha Kenya. Hakuwa askofu bado. Kazi yake ilikuwa kuona kwamba Neno la Mungu linatafsiriwa, linachapwa na kuwafikia watu kwa bei wanayoiweza, na wengi wangesema hiyo ni kazi ya kimya kimya isiyo na hatari. Aliombwa kutoa mahubiri mafupi ya asubuhi katika Sauti ya Kenya, redio ambayo tangu 1989 yaitwa KBC. Basi akafungua Kitabu cha Mwanzo. Akaeleza kwamba binadamu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, na kwa sababu hiyo maisha yake ni matakatifu. Akafika sura ya 4, na hapo hakulipita swali. Aliwaambia wasikilizaji kwamba siku ile Mungu alikuwa akiwauliza Wakenya alipo ndugu yao J.M. Kariuki.

Fikirini jambo hilo, ndugu. Redio ilikuwa mali ya Serikali, na kituo kilikuwa kimoja. Mtu aliyesema alisikika kutoka Mombasa hadi Kisumu kwa wakati mmoja, watu wakiwa bado na kikombe cha chai mkononi. Wakubwa wa redio walimwita, wakamwambia kwamba mahubiri yake yanawasumbua watu. Jibu lake lilikuwa kwamba Injili ni lazima imsumbue mwenye dhambi. Hakuna aliyeweza kumwonyesha neno alilolitunga yeye mwenyewe. Lilikuwa fungu la Biblia, na Biblia ile walikuwa nayo hata wao.

Basi hapa ndipo twataka kukaa kidogo, maana tumesikia watu wakimsifu Gitari kwa ujasiri tu, kana kwamba ujasiri ni kupaza sauti. Hata mlevi hupaza sauti. Nguvu ya mtu huyu ilikuwa katika desturi yake ya kusoma fungu lote, mstari kwa mstari, bila kuruka ule mstari unaouma. Aliyaandika mahubiri yake kwa uangalifu, na mengi yalichapwa katika vitabu viwili, cha 1988 na cha 1996. Mtu akiyasoma leo atashangaa kuona jinsi yalivyo mafundisho ya Biblia ya kawaida. Ataeleza habari za Dario, ataeleza habari za Ahabu, halafu kwa sentensi mbili tatu atauliza jambo hilo lafanana na nini kwetu. Na swali lake halikuishia kwa wakuu peke yao. Lilirudi kwenye viti vya kanisa, mahali tunapokaa sisi. Katika Mwanzo 4 anayeulizwa ni ndugu, mtu wa nyumba ile ile.

Tuseme kidogo juu ya malezi yake. Alizaliwa tarehe 16 Septemba 1937 kule Ngiriambu, Kirinyaga. Baba yake, Samuel Mukuba, alikuwa mwinjilisti. Kijana alisoma Kangaru kule Embu, akaenda Royal College Nairobi, akafanya kazi miongoni mwa vijana wa shule na vyuo, akajifunza theolojia Bristol, Uingereza. Mnamo Julai 1975, miezi michache tu baada ya mahubiri yale ya redio, aliwekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza wa dayosisi mpya ya Mlima Kenya Mashariki.

Wako waliofikiri kwamba akiisha kuvaa joho la askofu atatulia. Kwa upande mmoja walikuwa na haki, kwa maana alikuwa na kazi tele. Dayosisi ile ilianzia kwenye mashamba ya kahawa ya Kirinyaga, Embu na Meru, ikaenda hadi jangwa la Marsabit, kwa wafugaji wa ngamia. Alituma wainjilisti kule ambako kanisa halikuwa na hata mti wa kukusanyikia. Zahanati, kazi za maendeleo na mafunzo ya wachungaji kule Kabare, hayo yote yalikuwa mezani pake. Twayataja kwa sababu jina la Gitari likitajwa, watu hukumbuka siasa tu. Makanisa aliyoyapanda ni mengi kuliko hotuba zilizomtia katika magazeti.

Lakini hakutulia. Mwaka 1986 chama kilichotawala peke yake, KANU, kiliamua kwamba katika uchaguzi wa mchujo watu wapige kura kwa kusimama mstari nyuma ya mgombeaji au picha yake. Tuliuita mlolongo. Mwezi wa Agosti mwaka huo wachungaji wapatao 1,200 wa Baraza la Makanisa walikutana katika Chuo Kikuu cha Kenyatta, wakaukataa utaratibu huo. Walisema mchungaji hawezi kusimama hadharani nyuma ya mtu mmoja, kisha Jumapili awe mchungaji wa wote. Walitukanwa sana, na kuna makanisa yaliyojitenga na Baraza kwa ajili ya jambo hilo. Mwaka 1988 mlolongo ulitumika. Mahali pengine mstari mrefu ulitangazwa kuwa mfupi, na mstari mfupi kuwa mrefu, mchana kweupe, watu wote wakitazama. Watoto waliokuwa wakijifunza kuhesabu waliona kwamba watu wazima hawajui hesabu.

Mwaka huo huo wa 1986 Katiba ilibadilishwa, Mkuu wa Sheria na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wakaondolewa ulinzi wa kazi zao. Mwezi wa Juni 1987 Askofu Gitari alihubiri juu ya Danieli sura ya 6. Nasi tukiisoma sura ile twaona jambo la ajabu. Maliwali wanakuja kwa mfalme wakisema kwamba wakubwa wote wameshauriana na kukubaliana juu ya sheria mpya. Wote? Danieli alikuwa mmoja wa wakubwa watatu waliowekwa juu ya maliwali, na yeye hakuwamo katika shauri lile. Neno "wote" lilikuwa uongo, na mfalme akatia sahihi bila kuuliza. Jioni ikafika, akataka kumwokoa Danieli, akaona amefungwa na sahihi yake mwenyewe. Mahubiri ya siku ile yaliwaudhi wanasiasa wengi, wakayajibu kwa maneno makali majuma kadhaa. Walipoulizwa ni jambo gani hasa lililo la uongo ndani yake, wengi walijibu kwamba askofu arudi kwenye Biblia. Lakini alikuwa hajatoka humo.

Hakuwa peke yake. Henry Okullu wa Maseno Kusini alisema. Kasisi Timothy Njoya wa kanisa la Presbiteri alisema, na siku ya Mwaka Mpya wa 1990 akahubiri kwamba siku za chama kimoja zinahesabika. Alexander Muge, askofu wa Eldoret, alisema bila kuogopa. Mnamo Agosti 1990 Waziri mmoja alimwonya Muge hadharani kwamba akikanyaga Busia ataona moto na huenda asitoke hai. Muge alikwenda Busia tarehe 14 Agosti, akawahubiria watu, na alipokuwa akirudi gari lake liligongana na lori la maziwa karibu na Kipkaren, naye akafa papo hapo. Waziri yule alijiuzulu. Dereva wa lori alifungwa, akafia gerezani. Kanisa lilibaki na kaburi na maswali mengi.

Miezi michache baada ya mazishi hayo, mwaka 1991, Gitari alisimama tena na Biblia mkononi. Safari hii ilikuwa 1 Wafalme sura ya 21. Huko Kirinyaga kulikuwa na kilima kiitwacho Kamuruana, ardhi ya wananchi iliyowekwa chini ya baraza la wilaya, na kilikuwa katika hatari ya kuwa mali ya mtu binafsi. Askofu alihubiri habari ya shamba la mizabibu la Nabothi, na swali lake lilikuwa kama hakukupatikana Nabothi hata mmoja wa kukataa.

Twaomba mlisome fungu lile polepole, hasa ninyi mlio wazee wa kanisa na wajumbe wa kamati. Twazoea kumlaumu Ahabu aliyenuna kitandani, na Yezebeli aliyeandika barua. Lakini barua ziliandikwa kwa nani? Kwa wazee na wakuu waliokaa mjini pamoja na Nabothi. Walikuwa majirani zake. Walimjua baba yake, pengine walionja zabibu zake. Barua iliwaagiza watangaze mfunga, wamweke Nabothi mbele ya watu, walete mashahidi wawili wa uongo. Nao wakafanya yote kama yalivyoandikwa. Biblia haimtaji mzee hata mmoja aliyesema kwamba ana mgeni nyumbani, au kwamba miwani imevunjika na barua haisomeki. Eliya alifika baadaye, Nabothi akiwa amekwisha kufa. Nabii mmoja jasiri hakutosha kuokoa shamba lile wala mwenye shamba. Tunafikiri Gitari aliliona jambo hilo kuliko wengi waliompigia makofi. Hakutaka kanisa lenye askofu mmoja wa kusema na maelfu ya kushangilia.

Hakuwa mtu rahisi. Wako makasisi waliofanya kazi chini yake waliomwona mkali, na wako Wakristo waaminifu waliosikitika kila jina la kanisa lao lilipoonekana katika kurasa za siasa. Waliuliza kama askofu hatuachii nafasi ya kuabudu kwa amani. Hatuwacheki. Mtu aliyechoka juma zima ana haki ya kulitamani kanisa kama mahali pa kupumzika. Lakini tarehe 7 Julai 1997, siku ya maandamano ya Saba Saba ya kudai mabadiliko ya Katiba, polisi waliingia kwa nguvu ndani ya All Saints' Cathedral, Nairobi, wakawapiga watu waliokuwa wakiomba. Damu ilimwagika katika nyumba ya ibada. Wakati huo Gitari alikuwa amekwisha kuwa Askofu Mkuu wa tatu wa Waanglikana wa Kenya, na aliongoza ibada ya kulitakasa kanisa lile. Baada ya siku ile ikawa vigumu kidogo kusema kwamba siasa hukaa nje ya mlango mpaka aialike mchungaji.

Katika miaka ya mwisho ya kazi yake alikuwa miongoni mwa viongozi wa dini, Wakristo, Waislamu na Wahindu, waliokutana katika jumba la Ufungamano wakidai kwamba Katiba mpya itengenezwe na wananchi wenyewe. Alistaafu mwaka 2002. Aliishi akaiona Katiba ya 2010, akafariki tarehe 30 Septemba 2013.

Swali la Mwanzo 4 halikuzikwa naye. Mwaka 2024, baada ya maandamano ya vijana ya mwezi wa Juni, kulikuwa na akina mama na akina baba waliozunguka kutoka kituo cha polisi hadi kituo cha polisi, na kutoka mochari hadi mochari, wakiuliza alipo mtoto wao. Kufikia mwisho wa Desemba, Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu watu 82 waliotekwa tangu Juni, na 29 kati yao walikuwa bado hawajulikani walipo. Baadhi ya wazazi hao ni washiriki wa makanisa yetu. Walikaa katika viti vyetu Jumapili. Kuna makanisa yaliyowataja watoto hao kwa majina katika sala, na kuna mengine yaliyotangaza harambee, mkutano wa akina mama na arusi, yakafunga ibada.

Tumebakiza jambo moja, ambalo tuliliacha makusudi tulipopita mwaka wa 1989. Mwezi wa Aprili mwaka ule, usiku wa manane, kundi kubwa la watu lilivamia nyumba ya Askofu Gitari huko Kirinyaga. Siku zile alikuwa ameendelea kulalamika juu ya kura zilizochezewa, na hawakuja kwa salamu. Walivunja ili waingie. Askofu, mtu wa miaka 51, hakuwa na silaha wala mlinzi wa kumtosha. Alipanda juu ya paa la nyumba yake, na kule juu, gizani, akapiga kelele ya kuomba msaada.

Ninyi wa mashambani mwajua nduru ya usiku ni nini. Mtu aisikiapo, moyo humwambia mambo mawili kwa wakati mmoja. La kwanza ni kwamba jirani yu hatarini. La pili ni kwamba mlango wangu umefungwa vizuri, watoto wangu wamelala, na hao walioko nje hawajanitaja mimi. Zaidi ya hayo, watu wa Kirinyaga walijua vema jina la aliyekuwa akilia, na walijua ni watu wa namna gani aliowaudhi. Kumsaidia kungeweza kumwandikisha mtu katika kitabu kibaya kesho yake asubuhi.

Walifungua milango. Wakatoka gizani, wakaitikia nduru kwa nduru, boma kwa boma, wakaja mbio kuelekea kwa askofu. Wavamizi waliposikia sauti zikikaribia kutoka kila upande walikimbia, na askofu akateremka kutoka juu ya paa, akiwa hai, akawakuta majirani zake wamejaa uani.

Tuombe.